Mama Anasema Iko Chini

Tarehe 3 Machi

Kaka yangu Waya,

Pokea salamu. Zile ndefu za kuulizana hali ya kila kiungo zigawe mwenyewe, maana mkono wangu umechoka na mwenye mkono amechoka zaidi. Hapa tu wazima. Mama ni mzima, ila anasema magoti yake siku hizi yana maoni. Baba Kifungo yuko zamu ya usiku kiwandani, mimi mchana niko kwenye cherehani za duka la sare, kwa hiyo tunapishana mlangoni kama walinzi. Tunaulizana, "Amekula?" na hakuna anayemaanisha mwenzake. Kifungo mwenyewe ametoa jino la pili, na bega langu ndilo lililopewa heshima ya kulijaribu.

Mzigo wako umefika. Dereva wa lori aliuweka kizingitini akasema, "Kaka yako kakuletea drafti." Nikaamini. Nilikitazama kile kibamba cheusi chenye miraba minane kwa minane nikaanza kutafuta kete. Nilikuwa nimeshakasirika moyoni kwamba nimekulilia marimba, wewe unaniletea mchezo wa wazee wa kijiweni. Nilipoichomeka kwenye umeme pamoja na spika yake ikawaka taa rangi zote, Kifungo akapiga makofi, nami nikaona aibu mbele ya mtoto wa miezi tisa.

Sasa nisikilize, maana hapa sitanii. Tangu mchwa waile marimba ya marehemu baba, ile aliyokuwa akiipiga Mama, wakatuachia vibao viwili kati ya saba, Mama hajaimba. Namwachia Kifungo kila asubuhi, nikirudi namkuta amembeba, anampigapiga mgongo kimyakimya kama anayekung'uta vumbi. Nataka mwanangu alale kwa wimbo ule tuliolalia sisi, kutoka kwa Mama mwenyewe, akiwa bado ana pumzi. Ukiweza kuitia drafti hii sauti za baba, nitakusamehe hata ile rangi yake.

Maelekezo yako nimeyasoma mpaka karatasi imelainika. Pale uliposema niongeze senti kumi na nne kwenye noti ya tatu, nilisimama. Nikajiuliza hizo senti zinaingizwa wapi, mbona sioni tundu.

Unakuja lini likizo? Mama anauliza.

Mdogo wako,
Mama Kifungo


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu, mama wa watu,

Nimecheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kama nimepigwa shoti. Mimi sijambo. Huku juu tunasimamisha nguzo za umeme na usiku tunalala na kibatari. Simu haishiki hata ukipanda kwenye nguzo, nimejaribu. Barua itabidi ziendelee kupanda lori.

Senti si pesa. Chukua umbali kutoka noti moja ya kinanda hadi jirani yake, ukate vipande mia. Kipande kimoja ni senti moja. Baba hakuwahi kugusa kinanda. Alikwangua mbao zake kwa kisu, akagonga, akasikiliza, akakwangua tena, ndiyo maana noti zake zinaangukia katikati ya zile za kinanda. Drafti, kama unavyoiita, inakuruhusu kuzisogeza. Shikilia kitufe cha pembeni mpaka taa iwe ya bluu. Bonyeza noti unayoitaka. Zungusha kile kitufe cha duara, kulia kupandisha, kushoto kushusha. Ukimaliza, bonyeza cheupe cha chini kabisa, ndicho cha kusevu. Usiposevu, ukizima tu kila kitu kinarudi kilivyotoka kiwandani.

Nimekuandikia namba nyuma ya karatasi hii kwa jinsi ninavyozikumbuka mimi. Lakini mimi nakumbuka kwa kichwa, Mama anakumbuka kwa sikio. Mpigie moja moja, aseme iko juu au iko chini. Wewe niandikie tu alivyosema, nami nitakurudishia hesabu.

Mbusu Kifungo.

Waya


Tarehe 8 Aprili

Kaka,

Salamu za kutosha. Mama mzima, Baba Kifungo mzima, Kifungo anatambaa, kwa hiyo mimi si mzima tena.

Kazi imefanyika mara mbili. Mara ya kwanza niliipanga drafti nzima, noti zote saba, ulimi nimeutoa nje kama ninatunga uzi kwenye sindano. Nilipomaliza nikaenda kujipongeza kwa chai. Kifungo akatambaa hadi ukutani akachomoa waya. Unakumbuka ulichosema kuhusu kusevu? Na mimi nilikumbuka, wakati huo huo.

Mara ya pili nilisevu baada ya kila noti, kisha nikasevu tena nisije nikawa nimesevu vibaya. Nikasubiri Kifungo alale mchana, nikapunguza spika isimwamshe, nikamketisha Mama. Nikabonyeza ya kwanza.

"Iko chini," akasema.

Ya pili. "Iko chini."

Nikaenda hadi ya saba. Zote chini, kaka. Nikamuuliza, "Mama, zote?"

Akasema, "Sasa wewe unataka nikudanganye?" Akanyanyuka akaenda kukunja nepi.

Nilidhani kosa ni langu. Mimi ni mtu wa kupunguza kiuno cha sare. Mtu nikimwona najua nivute wapi. Hapa ni kama kumshonea gauni mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Tuma namba nyingine.

Na hukunijibu habari ya likizo. Niliisoma barua yako mpaka kwenye mikunjo, haikuwemo.

Mama Kifungo


Tarehe 27 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za nyumbani zimenifurahisha, hasa ile ya waya. Huyo mtoto ana kipaji cha ufundi.

Kama zote ziko chini basi kosa ni langu, nilianzia pabaya. Pandisha zote senti sitini. Nimekuandikia upya. Nimegundua pia kwamba noti ya nne nilikuwa naikumbuka imepinda, inaifinya ya tatu. Nimeinyoosha, nadhani kumbukumbu ndiyo iliyopinda.

Hapa mvua nyingi, tope hadi magotini.

Waya


Tarehe 15 Mei

Kaka yangu wa mvua na tope,

Tumepokea salamu, tumegawana. Kifungo anasimama kwa kushika meza, kisha anasahau kwamba ameshika meza.

Nimepandisha kama ulivyosema. Mama kaketi na kanga yake ya kiheshima kana kwamba anaenda kuhojiwa. Nikabonyeza. "Iko chini." Nikabonyeza nyingine. Akanitazama kidole, akanitazama usoni, akasema, "Iko chini." Safari hii nikajitia ujanja. Nikachukua kile kibao cha pili cha baba, cha mbao, chenyewe kabisa, nikakigonga kidogo kwa kijiti. Kaka, hata kibao cha baba kimeambiwa kiko chini. Marehemu angekuwapo angehama nyumba.

Kwa hiyo sasa simwelewi Mama, wala drafti, wala mimi mwenyewe. Hizi siku kila mtu humu ndani ana lugha yake. Juzi nimefika kutoka kazini nikauliza, "Mama, mtoto amelala?" Akanijibu, "Nimeshakula, asante." Jana akanigombeza kwamba mimi na mume wangu tumejifunza kunong'ona kama wezi. Nikamwambia Baba Kifungo tupunguze umbea. Akasema hatujapata nafasi ya umbea tangu mtoto azaliwe, na ni kweli, ndoa yetu yote sasa ni maneno mawili mlangoni.

Tuma namba. Na hiyo likizo naiuliza kwa mara ya tatu, ukiniruka tena nitakuandikia kwa herufi kubwa.

Mama Kifungo


Tarehe 2 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Kibao cha mbao usikiamini. Mchwa wamekila ndani, kimelegea, hakisemi tena ukweli. Mwamini Mama. Amekipiga miaka yote ile, akisema kiko chini kiko chini. Pandisha zote senti mia na hamsini, kisha umsikilizishe tena. Tunakaribia, naona.

Kuhusu lile swali lako, barabara ya huku si nzuri.

Waya


Tarehe 24 Juni

Kaka,

Leo sina salamu za kuchekesha, chukua moja ya kawaida: hatujambo.

Nilipandisha. Nikasevu. Nikaiacha drafti mkekani nikaenda kuanua nguo. Kifungo akaifikia. Akazungusha kile kitufe cha spika hadi mwisho wake, kisha akakalia drafti yote kwa makalio yake na nepi yake. Nyumba ikapiga yowe. Niliangusha beseni la nguo. Jirani alitokea dirishani akauliza tunachinja nini.

Mama alikuwa uani, amenipa mgongo. Akageuka, akasema kwa utulivu kabisa, "Nani anafinya panya?"

Nilicheka, kaka. Miezi yote hii tumepandisha na kupandisha, marimba ya baba imekuwa panya. Nikaingia ndani, nikamwondoa mtoto, nikarudisha spika pale ninapoiwekaga siku zote. Mama akanifuata akasimama mlangoni. Nikabonyeza noti moja ili tucheke pamoja. Akanitazama kidole.

"Iko chini," akasema.

Na mimi bado nina kicheko mdomoni, nikamwambia, "Mama, si umesema sasa hivi ni panya?"

"Ile niliisikia. Hii iko chini."

"Chini vipi?"

"Mwanangu, chini ni chini. Siisikii."

Basi. Nilikaa pale pale mkekani. Nimekuandikia kila mwezi kwamba iko chini, nawe kila mwezi umepandisha, na mwenzetu alikuwa anatuambia tuongeze spika. Mimi binti ninayetazamwa midomo kila siku, na wewe fundi wa umeme mzima, hatukujua maana ya neno ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua.

Nimempeleka hospitali. Daktari alimsemesha akiwa nyuma yake, akiwa mbele yake, akaandika. Ni masikio, yanakwenda, yalianza zamani. Watampa kifaa, kuna foleni.

Kwa sasa Kifungo anashinda kwa jirani ninapokwenda kazini. Sikuwa na la kufanya. Mtoto anatambaa, anavuta nyaya, akilia nani atamsikia? Mama hajaniuliza kitu. Ananifungulia mlango asubuhi, anamshika mtoto kidole, anaachia. Siku ya kwanza alisema neno moja ambalo leo siliandiki.

Usinitumie namba kama huna la kusema. Nijibu tu.

Mdogo wako


Tarehe 28 Julai

Mdogo wangu,

Lori limekuja mara mbili likaondoka bila barua yangu. Niliandika, nikachana. Nitaandika ninachokijua, hicho sikichani.

Masikio yakizeeka huanza kupoteza sauti nyembamba, zile za juu. Nene hubaki zaidi. Kwa hiyo kila nilipokwambia pandisha, nilikuwa nazipeleka mbali naye. Nilikuwa naongeza umbali nikidhani narekebisha.

Rudi kwenye namba za kwanza kabisa, zile za Machi. Halafu zishushe zote, kila moja, hatua kumi na mbili nzima za kinanda. Usiguse tofauti kati yao hata senti moja. Wimbo ni umbali kati ya noti na noti, ukishuka wote pamoja unabaki wimbo ule ule, kama baba akiimba badala ya Mama. Spika iwe kubwa, na aishike mwenyewe, aiweke mapajani. Halafu mwache aseme yeye. Safari hii usimwulize juu wala chini. Mwulize, "Ndiye huyu?"

Akishasema ndiye, usisevu. Iache imewaka. Kitufe cheupe nataka kukibonyeza mimi.

Waya


Tarehe 16 Agosti

Kaka yangu,

Salamu zimerudi, zile ndefu, na mikono miwili. Mama anakusalimu. Baba Kifungo amebadilishiwa zamu, sasa tunaonana, nimegundua amefuga ndevu. Kifungo ametembea hatua nne kutoka kwangu kwenda kwa drafti. Sio kwa baba yake, kwa drafti.

Jumapili nilifanya ulivyosema. Nilizishusha zote, sauti zikawa nene, zinatikisa vijiko kabatini. Nikampa Mama spika mapajani kama mtu anayepakatishwa mjukuu. Nikabonyeza ya kwanza.

Akafumba macho. Akaweka kiganja juu ya spika, akakiacha.

"Ndiye huyu?" nikauliza, kwa sauti ya kutosha hata wewe huko ungejibu.

"Ndiye. Usipige kelele, namsikia."

Ya pili, ndiye. Ya tatu akaizungusha mwenyewe, vidole vyake juu ya vyangu, kidogo kushoto, tena kidogo, mpaka akakubali kwa kichwa. Ya nne akaikataa kabisa. "Huyu nani kamnyoosha? Huyu hakunyooka hata siku moja. Baba yenu alimkwangua mno, akaudhika, akaacha hivyo hivyo. Wimbo ukazoea kumzunguka." Nikamwambia ni zile namba za Machi, ila mimi mjinga nilikuwa nimeichanganya na ile uliyoinyoosha mwezi uliofuata. Akasema, "Mrudishie upinde wake." Nikarudisha. Kwa hiyo kichwa chako kilikuwa sawa tangu mwanzo, usijivune.

Halafu akaanza kubonyeza. Vidole vilipotea mwanzoni, maana marimba ilikuwa safu moja na hii ni uwanja mzima, akawa anagonga taa isiyo na kitu akaiambia, "Samahani." Kisha akazipata. Na kaka, akaimba. Sauti yake imeshuka ikaifuata drafti huko chini, imekuwa sauti nyingine, ya mkwaruzo, lakini mahali pa kuvuta pumzi ni pale pale. Nilikuwa nimempakata Kifungo ili alale. Naomba isiandikwe popote nani alilala kwanza. Niliamka shingo imepinda, mate begani, na mate hayo si ya mtoto.

Sasa nikwambie lile neno nililoficha. Siku ya kwanza nilipompeleka mtoto kwa jirani, Mama alisema, "Nilijua. Ndiyo maana nikanyamaza." Alijua mwaka mzima, kaka. Alinyamaza asinyang'anywe mjukuu, nami nikamnyang'anya, nikijiona mama mwenye akili.

Jumapili hiyo hiyo nikamwambia nataka tuzungumze habari ya Kifungo. Akasema, "Zungumza, ila nikutazame." Nikamweleza ninaogopa nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni, akakaza kanga, akanigeukia.

"Akiwa hapa namsikia kwa mgongo. Akianza kuvuta pumzi ya kulia, mimi nimeshajua, wewe na masikio yako mawili bado unauliza nini hicho."

Nilijaribu kubishana. Kifungo akavuta pumzi. Mama akaanza kumyumbisha kabla sauti haijatoka. Haikutoka.

Tumekubaliana hivi, nami sibadilishi: mtoto akiwa mgongoni au mbele ya macho, ni wake. Akiwa anatambaa na waya uko ukutani, binti wa jirani anakuja kukaa naye. Mama amesema masharti yangu ni kama ya ofisi. Amekubali. Kesho Kifungo anashinda nyumbani.

Kuhusu kitufe cheupe. Nimeshasevu. Kaka, ninaishi na mtoto anayechomoa nyaya. Siwezi kuacha kitu kimewaka nikimsubiri mtu ambaye barabara yake si nzuri. Umeandika kwamba uliongeza umbali. Umbali wa nini hukusema, nami sikuulizi. Ila ukitaka cha kubonyeza, kipo: hii drafti ina nafasi ya pili ya kuweka sauti, tupu, na Mama anasema kuna wimbo mwingine ambao alikupigia wewe tu kabla mimi sijazaliwa. Anakataa kunipigia. Anasema mwenyewe yuko wapi.

Nimeandika haya Mama akipiga. Nilikuwa nimefika hapa Mama akaniita, "Wewe, iko juu."

Nikashika peni, nikafungua mstari mpya, nikaanza kukuandikia kwamba Mama anasema iko juu, tupunguze senti ngapi. Ndipo nikainua macho. Kifungo alikuwa amelala mgongoni mwake, mdomo wazi, shavu limebandika. Mama ameweka kidole midomoni, ananionyesha spika.

Nimepunguza.

Mdogo wako,
Mama Kifungo